Mficha uchi hazai: Karatasi ya 'asilimia 2' na ndoto ya mtoto

Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye shule ya upili alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi, akaniuliza iwapo nilikuwa nyumbani. Sauti yake haikuwa ya mtu anayekuja kutazama kandanda.

Alipofika Buruburu hakutaka kuketi sebuleni walimokuwa watoto wangu. Aliniomba tutoke nje. Tukasimama karibu na lango, naye akatoa bahasha katika mfuko wa koti.

Ndani mlikuwa na karatasi ya maabara. Mstari mmoja ulikuwa umepigwa kalamu nyekundu: mbegu zenye umbo la kawaida, asilimia 2. Chini yake liliandikwa neno refu la kidaktari, teratozospemia.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa magazeti na unasoma mambo mengi," akaniambia. "Hebu nieleze. Mbegu 98 kati ya 100 ni mbovu. Je, mimi ni mwanamume kweli?"

Msomaji mpendwa, bwana huyu ameoa kwa miaka sita. Katika miaka hiyo yote aliyebeba mzigo wa kutopata mtoto alikuwa mkewe. Ni yeye aliyepigwa picha za mirija ya uzazi, akanywa dawa za miti shamba zilizomwendesha siku tatu, na akaombewa katika makanisa mawili.

Mama mkwe naye, kila walipokwenda mashambani wakati wa Krismasi, hakukosa la kusema. Mwaka jana alimwita mwanawe kando akamwonyesha binti wa jirani.

Kwa muda wa miaka sita, hakuna aliyemwambia bwana huyu atoe manii yake yapimwe. Daktari wa mwisho alipokataa kuendelea bila kipimo hicho, karatasi ikaja. Aliificha katika gari wiki mbili. Mkewe hakuwa ameiona.

Nilimwambia ukweli kwamba mimi si daktari. Lakini nilimuahidi kwamba nitasoma na kuuliza. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa idhini yake, bila jina lake, kwa maana najua wenzake wengi husoma ukurasa huu kila Jumapili na wana bahasha zao mahali fulani.

Umbo linalozungumziwa ni lipi?

Mbegu ya kiume ni kitu kidogo mno. Ukigawa milimita moja katika vipande 1,000, kichwa cha mbegu kina urefu wa vipande kama 4 au 5 hivi, na mkia wake vipande 45.

Kichwa ndicho kinachobeba urithi wa baba. Sehemu ya mbele ya kichwa imefunikwa kwa kitu kama kofia ambacho wataalamu hukiita akrosomu. Kofia hii ina vimeng'enya vinavyoisaidia mbegu kupenya utando mgumu unaolizunguka yai la mama.

Nyuma ya kichwa ni shingo yenye vinu vidogo vya nguvu, kisha mkia wa kuogelea. Kila sehemu ina kazi yake. Kichwa kikiwa kimepinda au kofia ikiwa ndogo mno, mbegu hushindwa kushika utando wa yai. Mkia ukiwa umejikunja, haifiki huko kabisa.

Maabara hupima umbo hivi. Mtaalamu hupaka tone la manii kwenye kioo, hulikausha na kulitia rangi, kisha huhesabu angalau mbegu 200 chini ya hadubini, moja baada ya nyingine.

Mbegu huitwa ya kawaida ikiwa tu kichwa ni laini chenye umbo la yai, kofia imefunika kati ya asilimia 40 na 70 ya kichwa hicho, shingo ni nyembamba na imenyooka, na mkia ni mmoja usio na kona. Yoyote inayotiliwa shaka huhesabiwa kuwa si ya kawaida.

Kwa hivyo mbegu inayokosa alama si lazima iwe mbovu kama embe lililooza. Nyingi zimekosa tu kutimiza sheria kali ya mtihani ule, mfano wa mwanafunzi aliyenyimwa alama kwa sababu ya mwandiko.

Isitoshe, binadamu si hodari katika jambo hili. Wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa wanajua kwamba fahali wa mbegu huchunguzwa kabla ya kutumiwa. Kipimo kinachotumiwa sana hutaka angalau mbegu 70 kati ya 100 za fahali ziwe na umbo zuri. Kwa mwanamume, kiwango cha chini ni 4 kati ya 100. Naam, nne tu.

Kiwango kilichoshuka kutoka 80 hadi 4

Rafiki yangu alishtuka nilipomwambia habari ya nne. "Yaani nimepungukiwa na mbili tu?" akauliza. Nikamwambia asifurahi upesi wala asilie upesi, kwa maana nambari hiyo ina historia yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kupima manii mwaka wa 1980. Humo ilielezwa kwamba mwanamume mwenye uwezo wa kuzaa huwa na asilimia 80.5 ya mbegu zenye umbo la kawaida. Mwaka wa 1987 kiwango kikawa asilimia 50, na 1992 kikawa 30. Mwongozo wa 1999 ukataja asilimia 15 kuwa ndipo mafanikio ya kutungisha mimba nje ya mwili yanapoanza kupungua. Mwaka wa 2010 kiwango kikawa asilimia 4, na mwongozo wa 2021 ukaliacha hapo.

Mtu akiziona nambari hizo atadhani kizazi cha wanaume kimeharibika katika miaka 30. Kilichobadilika hasa ni rula. Wapimaji walikuwa wakali zaidi kila mara, na mbegu zilizokuwa zikipita mtihani zamani zikawa zinaanguka.

Kazi kubwa ya kuikaza rula hiyo ilifanywa hapa hapa barani Afrika, katika hospitali ya Tygerberg karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Wakuu wa kazi hiyo walikuwa Roelof Menkveld na Thinus Kruger.

Walijiuliza swali rahisi: nani aseme mbegu nzuri inafananaje? Wakaamua kuuachia mwili wa mwanamke ujibu. Walizitazama mbegu zilizopatikana ndani ya ute wa mlango wa uzazi baada ya mume na mke kukutana, yaani zile zilizokuwa zimekwisha kupenya kizuizi cha kwanza.

Zilifanana sana. Umbo hilo ndilo walilolifanya kigezo, na kila lililopotoka likahesabiwa kasoro.

Mwaka wa 1986 walichapisha matokeo yao kutoka kwa wanandoa waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya IVF. Wanaume waliokuwa na zaidi ya asilimia 14 ya mbegu za kawaida kwa kipimo hicho kikali walirutubisha mayai vizuri. Chini ya hapo mafanikio yalipungua.

Utafiti wa pili wa Kruger na wenzake, wa mwaka wa 1988, ulikwenda mbali zaidi. Kwa wanaume waliokuwa kati ya asilimia 4 na 14, mayai karibu 64 kati ya 100 yalirutubishwa. Kwa waliokuwa chini ya asilimia 4, ni mayai kama 8 tu kati ya 100.

Hapo ndipo nne ilipoanza kuogopwa katika zahanati za uzazi.

Lakini nne ya WHO ya mwaka wa 2010 ilifika kwa njia nyingine. Ilitokana na vipimo vya wanaume zaidi ya 1,800 ambao wake zao walikuwa wameshika mimba katika muda usiozidi miezi 12. Wote hao ni akina baba. Waliwapanga kuanzia wa chini hadi wa juu, wakachora mstari baada ya watano wa chini katika kila mia.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Maana yake ni kwamba katika kila akina baba 100 wa kundi hilo, watano walikuwa chini ya mstari na bado walizaa kwa njia ya kawaida, ndani ya mwaka mmoja.

Sahani na sindano

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Ikiwa wanandoa wameamua kutafuta msaada wa kitaalamu, je, umbo la mbegu lina uzito gani? Jibu linategemea njia itakayotumiwa, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa.

Njia ya kwanza ni ile iliyomleta Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani wa IVF, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, Julai 25, 1978. Waliofanya kazi hiyo ni Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy. Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2010. Hapa Kenya, watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa mwaka wa 2006.

Katika njia hiyo, mayai ya mama hutolewa na kuwekwa katika sahani ya maabara. Kila yai huwekewa mbegu zipatazo 50,000 hadi 100,000, halafu huachwa usiku kucha. Mbegu zenyewe ndizo zinazoogelea, zinazolishika yai na kulipenya.

Kwa hiyo katika sahani umbo lina maana. Mbegu isiyo na kofia nzuri hulizunguka yai bure. Kesho yake, baada ya saa 16 hadi 18, mtaalamu huangalia kama yai limeonyesha alama mbili, moja ya baba na nyingine ya mama. Asipoziona katika yai lolote, safari hiyo imekwisha.

Wazia wanandoa waliouza kipande cha shamba au kuchukua mkopo wa chama, mke akadungwa sindano kila siku kwa karibu wiki mbili, kisha wapigiwe simu asubuhi waambiwe hakuna yai hata moja lililorutubishwa. Hayo ndiyo masikitiko ambayo kipimo cha Tygerberg kilitaka kuyazuia.

Njia ya pili ilikuja mwaka wa 1992 kutoka Brussels, Ubelgiji. Gianpiero Palermo na wenzake walitangaza mimba na watoto waliopatikana kwa kuchukua mbegu moja kwa sindano nyembamba ya kioo na kuiingiza moja kwa moja ndani ya yai. Mbinu hiyo huitwa ICSI.

Hapo mambo yalibadilika. Mbegu haihitaji tena kuogelea wala kupenya utando, kwa kuwa inabebwa hadi ndani ya nyumba. Mwaka wa 1995 wataalamu wa Brussels wakaeleza kwamba matokeo ya ICSI hayakufungamana na idadi ya mbegu, mwendo wao wala asilimia ya umbo la kawaida.

Nilimfanyia rafiki yangu hesabu kwenye mgongo wa bahasha yake. Tuseme mwanamume ametoa mbegu milioni 40. Asilimia 2 ya hizo ni 800,000. Mkewe akitoa mayai manane, mtaalamu anahitaji mbegu nane. Nane kutoka katika laki nane.

Aliitazama hesabu ile kwa muda mrefu. "Hakuna aliyenionyesha hivi," akasema.

Tusidanganyane, hata hivyo. Umbo la ile mbegu moja inayochaguliwa bado linaangaliwa. Utafiti mwingine wa Brussels, uliochapishwa mwaka wa 2003, ulilinganisha mbegu moja moja zilizodungwa. Zilipokuwa na umbo zuri, mayai karibu 72 kati ya 100 yalirutubishwa. Zilipokuwa na kasoro, yalikuwa karibu 61, na mimba zilizopatikana zilipungua pia.

Ndiyo sababu mtaalamu akiwa na sindano mkononi hutafuta iliyo nzuri kuliko zote alizo nazo. Zipo zahanati zinazotumia hadubini za kukuza zaidi ya mara 6,000 ili kuchagua. Kabla hujalipia ziada hiyo, jua kwamba uchambuzi wa tafiti zilizopo haujathibitisha kwamba huongeza watoto wanaozaliwa wakiwa hai.

Pale ambapo umbo ni tatizo kweli

Kuna kasoro mbili adimu ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni pale vichwa vyote vinapokuwa vya mviringo kama mpira na havina kofia kabisa. Huitwa globozospemia, na mara nyingi hutokana na jeni mtu aliyorithi.

Mbegu hizo haziwezi kupenya yai katika sahani. Hata zikidungwa, mara nyingi yai halishtuki, kwa kuwa mbegu imekosa kile kinachoamsha yai lianze kugawanyika. Wataalamu huweza kuliamsha kwa dawa maalum inayoingiza madini ya kalsiamu, na wapo wanandoa waliopata watoto kwa msaada huo.

Ya pili ni vichwa vikubwa kupita kiasi vyenye mikia mingi. Kasoro hii imegunduliwa sana miongoni mwa wanaume wa nchi za Afrika Kaskazini, na mwaka wa 2007 watafiti wa Ufaransa waliihusisha na jeni moja. Mbegu hizo huwa na kromosomu nyingi kuliko zinavyopaswa. Kudunga yai kwa mbegu ya namna hiyo hakushauriwi.

Tofauti ni hii. Katika magonjwa hayo mawili mbegu zote, au karibu zote, zina kasoro ya aina moja. Mwanamume wa kawaida aliyepata asilimia 2 ana mchanganyiko: hii imepinda kichwa, ile shingo nene, nyingine mkia mfupi. Ukipewa karatasi, muulize daktari wako: kasoro zangu ni za aina moja au ni mchanganyiko? Swali hilo moja lina thamani kuliko asilimia yenyewe.

Wengine huogopa kwamba mbegu iliyopinda itazaa mtoto aliyepinda. Hofu hiyo haina msingi. Mkia wa mbegu si mguu wa mtoto. Ukiacha kasoro adimu nilizozitaja, umbo la nje halisemi ni urithi gani ulio ndani.

Alama moja haimalizi mtihani

Mwaka wa 2017 ulichapishwa utafiti mdogo wa Marekani kuhusu wanaume 24 waliopatikana bila hata mbegu moja ya umbo la kawaida, yaani asilimia sufuri. Wanaume hao walifuatiliwa kwa takriban miaka miwili na nusu. Saba kati yao, karibu 3 katika kila 10, walipata mimba na wake zao bila msaada wowote wa maabara.

Kweli, wenzao waliokuwa na umbo zuri walifaulu zaidi, kama nusu yao. Lakini sufuri haikumaanisha sufuri.

Ndiyo maana siku hizi wataalamu wengi hawakubali umbo peke yake liamue wanandoa wafuate njia gani. Hulitazama pamoja na idadi ya mbegu, mwendo wao, na juu ya yote umri wa mama, kwa kuwa uwezo wa mayai hupungua kwa kasi baada ya miaka 35.

Pia wahesabuji wawili wanaweza kuhesabu kioo kile kile na kupata nambari tofauti. Katika kipimo ambacho pasi ni 4, tofauti ya mbili ni jambo dogo kwa aliye maabara, lakini kwa aliyeshika bahasha ni usingizi wa wiki mbili.

Kwa hiyo ukipata karatasi kama ya rafiki yangu, jambo la kwanza ni kupima tena, ikiwezekana katika maabara inayohudumia zahanati za uzazi. Kaa bila kukutana na mkeo kwa siku 2 hadi 7 kabla ya kipimo, wala usizidishe.

Pili, muone daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume akuchunguze mwili, si karatasi pekee. Mishipa iliyovimba katika korodani ni tatizo la kawaida, na huweza kutibiwa.

Tatu, angalia maisha yako. Sigara huharibu mbegu. Joto kali kwenye korodani na homa kali huziathiri. Vijana wanaojidunga homoni za kukuza misuli katika jimu wajue kwamba homoni hizo huweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Mbegu huchukua siku 70 na ushei kutengenezwa. Ukibadilisha mwenendo leo, subiri kama miezi mitatu kabla ya kupima upya. Lakini ikiwa mkeo amepita miaka 35, msikae mkisubiri karatasi iwe nzuri. Muoneni daktari wakati huo huo.

Nne, kabla ya kulipa laki kadhaa, ulizeni zahanati maswali haya. Kwa nini mnatuchagulia sahani au sindano? Mayai yasiporutubishwa tutafanya nini? Wanawake wa umri wa mke wangu hupata mtoto mara ngapi hapa kwenu? Anayekasirishwa na maswali hayo si wa kuachiwa pesa zenu.

Na yule mwenye chupa ya mitishamba anayeahidi 'kunyoosha mbegu' kwa wiki mbili, mwambie wiki mbili hazitoshi hata kutengeneza mbegu moja.

Mzigo wa watu wawili

Nimeyaeleza mambo ya hadubini kwa urefu, lakini jambo zito zaidi katika kisa hiki halikuwa katika hadubini. Lilikuwa katika gari, ndani ya bahasha.

WHO lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupata tatizo la kutoshika au kutotungisha mimba wakati fulani maishani. Katika karibu nusu ya wanandoa wenye shida hiyo, upande wa mume unahusika, ama peke yake ama pamoja na wa mke. Kipimo cha manii ni rahisi, hakina uchungu, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na picha za mirija.

Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi mwanamke hupimwa kwanza, hupimwa tena, na hulaumiwa katikati. Mume huja mwisho, ikiwa atakuja. Tumezoea kudhani kwamba mwanamume anayeweza kitandani anaweza pia kuzaa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mbegu haionekani kwa macho, na nguvu za mwili hazisemi lolote kuhusu umbo lake.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sijui kama kuna watu wanaopaswa kuisikia methali hiyo kuliko sisi wanaume.

Rafiki yangu aliondoka kwangu kama saa nane mchana. Jioni alinipigia. Alikuwa amempa mkewe karatasi wakiwa jikoni, bila kusema neno.

Mkewe aliisoma mara mbili, kisha akaketi kwenye kigoda akaanza kulia. Bwana alidhani ni kwa uchungu wa nambari ile. Kumbe siyo. "Miaka sita," mkewe akamwambia, "nilidhani ni mimi peke yangu."

Wamepanga kwenda kwa daktari pamoja mwezi huu, na bwana atapima upya. Sijui watapata nini huko, wala wao hawajui. Daktari amewaambia kwamba wakifika katika hatua ya IVF, huenda akapendekeza sindano badala ya sahani, lakini kwanza anataka kuwachunguza wote wawili.

Kabla ya hapo, bwana alisafiri mashambani peke yake. Mama yake alipoanza tena habari za binti wa jirani, alimkatiza kwa heshima.

"Mama," alimwambia, "mke wangu hana kosa. Nimepimwa, na mimi pia nina shida inayotafutiwa matibabu. Ukitaka kutuombea, tuombee wote wawili."

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akamwuliza kama mkaza mwanawe bado anapenda mboga za kunde, akaingia shambani kumchumia za kumpelekea.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.